Mwanga, Kina cha Bahari na Maficho ya Wanyama Wadogo

Mwaka 1865 padre Mjesuiti aitwaye Angelo Secchi, mwanafalaki wa Roma, alipanda meli ya Baba Mtakatifu, Immacolata Concezione, karibu na Civitavecchia. Alishusha majini sahani nyeupe iliyofungwa kamba mpaka ikapotea machoni, akapima kamba imezama kiasi gani. Kipimo hicho rahisi kinatumika hadi leo, na sahani hiyo huitwa kwa jina lake. Secchi alitaka kujua maji yana uangavu kiasi gani. Sisi tuulize zaidi: ni nani huishi au hufa kwa sababu ya uangavu huo?

Baharini wamo wanyama wadogo wasiohesabika wanaochukuliwa na mikondo. Wataalamu huwaita zuplanktoni. Wengi ni kopepodi, jamaa wa kaa na uduvi, na aina nyingi ni ndogo kuliko punje ya mchele. Chakula chao, yaani mimea midogo inayoelea, kiko juu penye mwanga. Lakini penye mwanga ndipo samaki anapoona vizuri. Basi giza likiingia wengi wao hupanda kula, na alfajiri hushuka kujificha, wengine mamia ya mita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vyombo vya Wamarekani vya kupima kina kwa mwangwi vilionyesha "sakafu" mahali ambapo sakafu ya kweli ilikuwa mbali sana chini. Usiku ukiingia, "sakafu" hiyo ilipanda. Kumbe walikuwa viumbe hai.

Sasa fikiri hivi: itakuwaje mnyama huyu akitaka kushuka, naye hana pa kushukia? Usiku mkondo unaweza kumchukua kutoka penye kilindi na kumfikisha juu ya mlima uliozama. Kunapokucha anashuka kama kawaida yake, lakini anakutana na mwamba kungali na mwanga. Samaki wa mwambani wanamwona waziwazi. Mwaka 1965 watafiti Isaacs na Schwartzlose walieleza jambo hili kutokana na walichokiona upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, na baadaye wengine wakaonyesha kwamba samaki wa miamba nje ya California hula kwa namna hiyo. Ndiyo maana mlima wa chini ya bahari unaweza kulisha samaki wengi kuliko chakula kinachoota juu yake. Chakula huletwa na mkondo kila usiku, na sakafu hukizuia kisitoroke.

Lakini kina peke yake hakitoshi. Nchini Norwei ziko ghuba mbili nyembamba zinazokaribiana, Lurefjorden na Masfjorden, zote zenye kina cha zaidi ya mita 400. Maji ya Lurefjorden hupitisha mwanga kidogo zaidi. Humo samaki wadogo wawindao kwa macho ni wachache, na anayetawala ni yavuyavu mwekundu wa vilindini, ambaye hahitaji kuona. Anagusa tu kwa mikono yake. Masfjorden, penye mwanga zaidi, wanatawala samaki. Mwaka 1999 watafiti wa huko walitoa hoja kwamba tofauti hiyo inatokana na uwezo wa kuona. (Kwangu mimi huu ndio mfano mzuri kuliko yote: maji yakififia kidogo tu, mlaji anabadilika.)

Wasomaji wetu wa Kigoma watasema wanayajua haya tangu utoto. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hutoka na taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana mitumbwi mingi hupumzika, kwa kuwa taa haiwavuti tena samaki. Ziwa hilo lina kina cha takribani mita 1,470, ila maji yake ya chini sana hayana oksijeni. Kwa hiyo hapo kinachomzuia mnyama kushuka si mwamba. Anaishia pale pumzi inapokwisha, mbali kabisa na sakafu ya ziwa.