SOMO: GUNDI YA UNGA KWA DAFTARI ZA CHAMA

Hati ya malipo iliyobanduka ni fedha isiyo na ushahidi. Mwanachama aliyeleta pamba au kahawa yake huthibitisha dai la malipo ya pili kwa nakala ya stakabadhi iliyohifadhiwa na chama. Karatasi hiyo ikidondoka na kupotea, haki yake huingia mashakani, naye katibu hukosa jibu mbele ya mkaguzi. Kukosekana kwa gundi dukani si udhuru, kwa kuwa gundi njema yaweza kupikwa jikoni.

Mahitaji

Vijiko vikubwa 2 vya unga laini wa muhogo au wa ngano, vijiko 12 vya maji safi, na sufuria ndogo.

Namna ya kutengeneza

1. Unga uchekechwe kwa kitambaa chepesi ili chenga zitoke.

2. Ukorogwe kwanza katika vijiko 4 vya maji baridi hadi madonge yaishe. Unga ukitiwa moja kwa moja katika maji ya moto hufanya madonge yasiyolainika tena.

3. Maji yaliyobaki yaongezwe, sufuria iwekwe juu ya moto mdogo, na uji ukorogwe bila kukoma. Kwa joto, chembe za wanga hunywa maji na kuvimba; uji huwa mzito, na ule wa muhogo hupoteza weupe wake na kung'aa.

4. Uipuliwe na kuachwa upoe.

Namna ya kutumia

Gundi ipakwe nyembamba, ukingoni tu mwa karatasi. Tarehe, namba, kiasi na sahihi zisifunikwe kamwe. Ukurasa uliochanika uungwe kwa ukanda wa karatasi nyembamba. Usinakiliwe upya na ule wa asili kutupwa, kwani daftari lililopungua ukurasa huzusha shaka hata kama hesabu ni sahihi. Kisha daftari liwekwe chini ya kitu kizito usiku kucha, karatasi kavu ikitenganisha kurasa.

Hadhari

Gundi hii ni chakula: mende na panya huipenda, na unyevu huiotesha ukungu. Ipikwe ya kutosha siku mbili tu, ikichacha, itupwe. Daftari lisirudishwe kabatini kabla ya kukauka kabisa.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, hati zote za msimu uliopita zimeshikamana mahali pake?

2. Ni nani katika chama chenu aliyekabidhiwa kuzitazama kabla ya ukaguzi?