Kabla Hujasema "Kocha Aondoke": Mbinu za Kujadili Klabu Yako

Timu imetoka sare ugenini. Hata hujalala, simu imeshajaa: kocha hatufai, viongozi wamekula hela, mwaka huu tuliahidiwa fainali. Na wewe una lako moyoni. Liseme, ila liseme kwa hoja ambayo hata mtani wako ataitafakari kabla ya kucheka. Mifano mingi hapa ni ya Simba na Yanga, maana huko ndiko kelele ziliko. Mbinu zenyewe zinafaa klabu yoyote.

Jadili kesi moja kwa wakati

Kocha ni kesi moja. Fedha ni ya pili. Matarajio ni ya tatu. Zikichanganywa, kijiwe kizima kinapiga kelele na hakuna anayemjibu mwenzake. Ukiona mtu anaruka kutoka kwenye mabadiliko ya dakika ya 70 hadi bei ya jezi, mrudishe taratibu: "Kaka, tumalize la kocha kwanza."

Uliza kocha alikuta nini

Alikuja lini? Wachezaji alichagua yeye au alikabidhiwa? Alipata maandalizi ya msimu au aliingia katikati ya ligi? Nasreddine Nabi alitua Yanga Aprili 2021, na ubingwa wa msimu ule ukaenda Simba. Msimu uliofuata Yanga ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na mwaka 2023 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Angepimwa kwa ile miezi ya mwanzo tu, hayo yote angeyakuta mwingine.

Pima mechi kumi, siyo moja

Novemba 2022 Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Yanga hiyohiyo ilimaliza msimu ikiwa bingwa. Kwa hiyo chukua karatasi, orodhesha mechi kumi za mwisho. Andika nyumbani au ugenini, mabao ya kufunga na kufungwa, na nani alikuwa majeruhi.

Kisha jiulize swali moja kubwa: timu inatengeneza nafasi? Kama inatengeneza na kukosa, mtazame mshambuliaji. Kama haitengenezi kabisa mechi baada ya mechi, hapo una kesi na kocha.

Ukisema "atimuliwe", jibu maswali matatu

Nani anakuja? Nani atalipa fidia ya mkataba? Na huyo mpya atacheza na kikosi gani hadi dirisha la usajili lifunguliwe? Ukishindwa kujibu hata moja, bado una hasira tu, hoja huna.

Fidia si mchezo. Kocha au mchezaji asiyelipwa anaweza kwenda FIFA, na klabu isipolipa baada ya uamuzi inaweza kufungiwa kusajili. Hapo umemfukuza kocha na kumnyima mrithi wake wachezaji.

Ukitafuta mfano, tumia wote, usikate nusu inayokupendeza. Msimu wa 2024/25 Yanga iliachana na Miguel Gamondi mwezi Novemba. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari. Akamalizia Miloud Hamdi. Makocha watatu, na ubingwa wa ligi ukabaki Yanga. Lakini Ligi ya Mabingwa Afrika iliishia hatua ya makundi. Anayesema kubadili kocha hakudhuru ana ushahidi, na anayesema kunadhuru anao pia.

Kwenye fedha, taja chanzo na kiasi

Usiseme "klabu ina hela". Sema inazipata wapi: haki za televisheni, wadhamini, viingilio, jezi, kuuza wachezaji, zawadi za CAF na mfuko wa mwekezaji.

Anza na televisheni. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kwa wastani ni kama bilioni 22.5 kwa mwaka, na Ligi Kuu ina timu 16. Hata zingegawanywa sawasawa, ingekuwa kama bilioni 1.4 kwa timu. Hazigawanywi sawasawa, bingwa hupata zaidi.

Sasa weka pembeni zawadi za CAF. Msimu wa 2022/23 zilipandishwa, na timu iliyofika makundi ya Ligi ya Mabingwa ikawa na uhakika wa dola 700,000. Aliyefika robo fainali alipata 900,000. Geuza dola kwa shilingi uone: kuingia makundi peke yake kunazidi ule wastani wa msimu mzima wa televisheni. Ndiyo maana uongozi unaweza kuvumilia sare ya Mbeya lakini usivumilie kutolewa mapema kimataifa.

Na viingilio? Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, lakini usizidishe bei ya tiketi kwa 60,000 ukadhani zote ni za klabu. Kuna kodi, gharama za uwanja na makato mengine kabla klabu haijashika chake. Tena, mechi za kuujaza uwanja huo kwa msimu ni za kuhesabu.

Linganisha na wa kiwango chako

Al Ahly ina mataji 12 ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kutolewa nayo robo fainali, kama Simba ilivyotolewa mwaka 2024, kunauma ila si aibu. Mwaka huohuo Yanga ilitoka sare mbili za 0-0 na Mamelodi Sundowns, ikatolewa kwa penalti.

Weka historia mezani. Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 ikafungwa na Stella ya Abidjan. Yanga ikafika fainali ya Shirikisho 2023 mbele ya USM Alger. Simba ikafika tena 2025 mbele ya RS Berkane. Zote tatu zilipotea. Kwa hiyo anayeitaka fainali kila mwaka anaomba kitu ambacho nchi nzima haijawahi kukizoea. Hata utani wa "Mwakarobo" wanaotaniwa Simba ulizaliwa na timu iliyokuwa inafika robo fainali karibu kila msimu, mahali ambapo wengi hawafiki.

Kama wewe ni wa Coastal Union, kipimo chako ni kingine. Wagosi walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988, lakini nafasi ya nne ya 2023/24, iliyowapa tiketi ya CAF, ilikuwa msimu wa kujivunia.

Andika matarajio kabla ligi haijaanza

Gawa malengo mara tatu. La chini: likikosekana, kocha ajieleze. La haki: linalolingana na kikosi na bajeti. La ndoto: likija, tunashangilia; lisipokuja, hatumfukuzi mtu. Yaandike kwenye simu mwezi Agosti. Ukifika Machi, soma ulichoandika. Usihamishe goli katikati ya mchezo.

Chuja tetesi

Picha ya ujumbe wa WhatsApp si ushahidi. Angalia kama klabu, TFF au CAF imetangaza. Kama bado, sema wazi: "Hii ni tetesi." Utaonekana mwenye akili hata ikija kuwa kweli.

Utani ndiyo, matusi hapana

Mtanie mtani timu yake, mchezo wake, hata jezi yake. Usiguse mama yake, kabila lake wala dini yake. Na kocha naye ana familia inayosoma. Ukiona sauti zimepanda na hakuna jipya linalosemwa, agiza chai na ubadilishe mada.

Peleka hoja kunakostahili

Kijiwe hakiajiri kocha. Kwa klabu za wanachama, kanuni za nchi zinataka wanachama wabaki na angalau asilimia 51 hata mwekezaji akiingia. Maana yake una sauti, mradi kadi yako iwe hai. Ilipie, nenda tawini, hudhuria mkutano mkuu. Ukisimama, uliza mambo matatu: tumeingiza kiasi gani, tunadaiwa kiasi gani, na mishahara inakula sehemu gani ya mapato. Usikae chini mpaka ujibiwe kwa takwimu.