Kihusishi "na" katika Kauli ya Kutendwa: Msaada wa Kikamba

Tuitazame sentensi hii: "Mutua alionekana na Mwende sokoni." Je, Mwende ndiye aliyemwona Mutua, au walikuwa pamoja? Kiswahili hakitoi jibu, kwa kuwa "na" humtambulisha mtenda na mwandani vilevile. Kiingereza huwatenga: "by" kwa mtenda, "with" kwa mwandani.

Walimu wa Kitui na Makueni aghalabu huifunza tofauti hii kana kwamba ni ngeni kwa mwanafunzi. La hasha! Kikamba humtanguliza mtenda kwa "nĩ" na mwandani kwa "na"; mtoto wa Mwingi au Wote huijua tofauti hiyo kabla hajaingia darasani. Basi akiandika "with" panapostahili "by", tusikimbilie kuilaumu lugha ya mama. Huenda anaifasiri "na" ya Kiswahili. Naaitamke sentensi yake kwa Kikamba kwanza, ndipo aiandike kwa Kiingereza.

Wengi wetu tuliadhibiwa shuleni kwa kukizungumza Kikamba hicho. Tuliadhibiwa na nani? Kauli ya kutendwa, katika lugha zote tatu, inaniruhusu nisimtaje.