Machungwa: Tule au Tukamue?

Tukitembelea vijiji vya karibu na Garsen, akina mama hutuuliza: mtoto apewe chungwa au juisi? Vyote vyafaa, lakini havilingani.

Chungwa moja la kadiri lina karibu miligramu 70 za vitamini C. Vitamini hii husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika kunde na maharagwe. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ale chungwa pamoja na chakula, na chai aiache kwanza, kwa sababu chai huyazuia madini hayo.

Shida ni kwamba vitamini C huharibiwa na moto, na pia hewa. Nasi maji ya Mto Tana lazima tuyachemshe. Basi wengine huchanganya maji na juisi wakachemsha vyote pamoja, ati kazi iwe moja! Chemsha maji peke yake, yafunike, yapoe kabisa, ndipo ukamulie machungwa kwa mikono safi. Inywewe siku hiyo hiyo.

Kukamua nako kuna faida: ile rangi ya manjano, ambayo sehemu yake mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupatikana kwa urahisi zaidi katika juisi. Lakini ukichuja unatupa nyuzinyuzi, na glasi moja humaliza machungwa matatu, sukari yake yote ikibaki. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe juisi kabisa.

Na ule unga wa pakiti wenye picha ya chungwa? Soma maandishi ya nyuma. Mara nyingi ni sukari na rangi, chungwa lenyewe halimo.