Kutambua Mitetea na Majogoo Siku ya Kuanguliwa
Somo kwa vikundi vya ufugaji katika vyama vya msingi

Mwanachama anayenunua vifaranga kwa ajili ya biashara ya mayai huwa amekusudia kununua mitetea. Lakini karibu nusu ya vifaranga wote wanaoanguliwa ni majogoo, na kifaranga wa siku moja wa aina nyingi za kuku haonyeshi jinsia yake kwa mtu asiyefunzwa. Mwanachama huwalisha wote kwa wiki nyingi, hadi upanga wa kichwani na sauti vionyeshe nani ni nani. Hivyo sehemu kubwa ya chakula kilichokusudiwa kuleta mayai huishia kwa majogoo. Ikiwa vifaranga hao waliuzwa na chama chake mwenyewe kwa jina la mitetea, hasara huwa mbili: ya fedha na ya imani.

Ipo njia ya kuzalisha vifaranga ambao rangi yao hutangaza jinsia yao siku ile ile wanapoanguliwa. Njia hii haihitaji mashine. Inahitaji wazazi sahihi, mabanda yaliyotenganishwa, na daftari linalotunzwa kwa uaminifu.

ASILI YA ELIMU HII

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), chakula kilipokuwa haba nchini Uingereza, mtaalamu R. C. Punnett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alishauri rangi itumike kuwatenga vifaranga majogoo mapema ili nafaka isipotee bure. Kanuni hiyo haijabadilika. Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia wanaofugwa Afrika Mashariki leo, kama vile ISA Brown na Lohmann Brown, huzalishwa kwa msingi huo: mitetea huanguliwa wakiwa wa kahawia, na majogoo wakiwa wa manjano hafifu.

JINSI ALAMA INAVYORITHIWA

Jinsia ya kifaranga huamuliwa na chembe za urithi ziitwazo kromosomu. Jogoo ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, nazo huitwa Z na Z. Kuku jike ana mbili zisizofanana, Z na W. Baba humpa kila mtoto Z moja. Mama humpa mtoto wa kiume Z yake, na mtoto wa kike humpa W. Kwa binadamu ni baba anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni mama.

Baadhi ya alama za rangi hukaa juu ya kromosomu Z. Kwa hiyo alama ya namna hiyo aliyo nayo mama huwafikia watoto wake wa kiume peke yao. Watoto wa kike huipata Z yao kwa baba, nao hufuata rangi ya baba. Hiyo ndiyo siri yote ya somo hili: jike mwenye alama yenye nguvu apandishwe na jogoo asiye nayo.

MAPANDISHO MAWILI YANAYOFAA

(1) Jogoo wa Rhode Island Red na majike wa Barred Plymouth Rock. Jike huyu ana mistari myeusi na myeupe katika manyoya, na alama ya mistari imo katika Z yake. Vifaranga wote huanguliwa wakiwa weusi. Majogoo huwa na doa jeupe utosini. Mitetea hawana doa hilo. Wakikua, majogoo huota manyoya ya mistari, na mitetea hubaki weusi, mara nyingi wakiwa na wekundu shingoni.

(2) Jogoo wa Rhode Island Red na majike wa Light Sussex. Jike huyu ni mweupe mwenye manyoya meusi shingoni na mkiani. Vifaranga majogoo huwa wa manjano hafifu, na mitetea huwa wa hudhurungi au wekundu. Pandisho hili ni rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa tofauti ya rangi huonekana kwa kutazama kundi zima.

Ukaguzi ufanyike vifaranga wakisha kukauka, siku hiyo hiyo, mahali penye mwanga wa kutosha.

MAKOSA MATATU YA KUEPUKWA

Kosa la kwanza ni kugeuza wazazi. Jogoo wa Barred Plymouth Rock akipandishwa na majike wa Rhode Island Red, alama yake huwafikia watoto wote, wa kiume na wa kike, na tofauti haionekani.

Kosa la pili ndilo zito zaidi, nalo ni kuzalisha kutokana na machotara wenyewe. Mwanachama huona mitetea wake wanataga vizuri, akawaacha na ndugu zao majogoo, akitumaini kupata vifaranga wa namna ile ile. Katika kizazi hicho cha pili alama hutawanyika: nusu ya majogoo huipata na nusu huikosa, na mitetea vivyo hivyo. Atakayeuza vifaranga hao kwa kufuata rangi atakuwa anauza kwa kubahatisha. Chotara ni kuku wa kutaga au wa kuliwa. Si mzazi wa kundi.

Kosa la tatu ni kuamini sura. Kuku mweupe si lazima awe na alama ya Light Sussex, kwa sababu weupe wa aina nyingine huficha rangi zote. Kadhalika, kuku wa kienyeji mwenye madoadoa anaweza kumfanana Barred Plymouth Rock pasipo kuwa na urithi wake. Wazazi wanunuliwe mahali panapojulikana asili yao.

MPANGO WA MABANDA

Chama kinachotaka kudumu katika kazi hii hakina budi kuwa na makundi matatu:

(a) Kundi la Rhode Island Red watupu, la kuzalisha majogoo wa baadaye.
(b) Kundi la Light Sussex watupu (au Barred Plymouth Rock), la kuzalisha majike wa baadaye.
(c) Kundi la mchanganyiko, ambamo jogoo kutoka (a) huwekwa na majike kutoka (b). Jogoo mmoja hutosha majike 8 hadi 10.

Mbegu ya jogoo huweza kuishi ndani ya jike kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo majike watengwe na majogoo wengine kwa wiki tatu kabla ya mayai ya kundi (c) kukusanywa kwa kuatamiwa. Mayai yasikae zaidi ya siku 7, nayo yahifadhiwe mahali penye ubaridi, ncha kali ikiwa chini. Kuku mmoja huatamia vyema mayai 10 hadi 12, na huangua kwa siku 21. Chanjo ya kideri isisahauliwe, maana ugonjwa huo huweza kumaliza makundi yote matatu kwa siku chache.

DAFTARI NA MAUZO

Katibu aandike kwa kila mwatamio: tarehe, namba ya banda, mayai yaliyowekwa, yasiyo na mbegu, yaliyofia ndani, majogoo, mitetea, na jina la mnunuzi. Hesabu lazima ilingane. Mfano: mayai 60 yaliwekwa, 8 hayakuwa na mbegu, 6 yalifia ndani, vifaranga 46 waliangua, majogoo 24 na mitetea 22. Daftari linaloonyesha mitetea 40 kati ya vifaranga 46 linastahili kuulizwa, kwa kuwa maumbile hugawa karibu nusu kwa nusu.

Mwatamio wa kwanza usiuzwe. Vifaranga wapigwe alama kwa jinsia iliyotambuliwa, wafugwe hadi wakomae, kisha halmashauri ilinganishe daftari na kuku wenyewe. Baada ya hapo mauzo yaanze. Kifaranga mwenye alama ya mashaka asiuzwe kamwe kama mtetea. Majogoo wauzwe waziwazi kama majogoo, kwa bei yao, kwa wanachama wanaofuga kwa ajili ya nyama.

Ieleweke pia kwamba rangi haiongezi yai hata moja. Hueleza tu jinsia. Mayai huletwa na uzazi bora, chakula na matunzo.

MASWALI YA KUJADILIWA NA KIKUNDI

1. Kwa nini alama ya mama haiwafikii mitetea wake?
2. Mwanachama ana majike machotara weusi na jogoo ndugu yao. Mweleze kwa nini asiuze vifaranga wao kwa kufuata rangi.
3. Je, chama chenu kina nafasi na chakula cha makundi matatu? Kama hakina, je, chama jirani kinaweza kutunza kundi moja na chenu mawili?
4. Ni nani atakayeweka daftari la uatamiaji, na ni nani atakayelikagua?