Muuguzi wa Shule na Haki ya Mtoto Kukaa Darasani

Kwa wazazi, walezi na wajumbe wa kamati za shule.

Mtoto anayeondolewa darasani kwa maradhi, kisha asitibiwe, hupoteza masomo yake na maradhi akabaki nayo. Jambo hili lilidhihirika katika mji wa New York, Marekani, ambako tangu mwaka 1897 matabibu waliingia katika shule za umma kuwakagua wanafunzi, wakawarudisha makwao wenye trakoma, upele, mapunye na chawa, ilhali wazazi wao, ambao wengi walikuwa wahamiaji mafukara waliosongamana katika vyumba vya kupanga, hawakuwa na fedha za dawa, wala aghalabu hawakuweza kuisoma karatasi waliyoletewa. Nia ilikuwa njema, ya kuwakinga wengine. Lakini watoto hao walizurura mitaani, na jioni wakacheza na wale wale waliotengwa nao asubuhi.

Ndipo Lillian Wald, muuguzi aliyeasisi nyumba ya hisani ya mtaa wa Henry, alipomtoa muuguzi wake mmoja kwa majaribio ya mwezi mmoja, na tarehe 1 Oktoba 1902 Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada, akaanza kazi katika shule nne zenye wanafunzi wapatao 10,000. Aliosha macho, akafunga vidonda, akapaka dawa vichwani, na mtoto akarejea kitini pake siku ile ile. Kisha, saa za masomo zikiisha, akenda majumbani kuwaonyesha kina mama namna ya kuendeleza matibabu. Serikali ya mji ikaridhika, ikaajiri wauguzi wengine. Na watoto waliorudishwa makwao, ambao Septemba 1902 walikuwa 10,567, Septemba 1903 walikuwa 1,101 tu.

Katika yote hayo, lililo kubwa machoni petu ni kule kubisha hodi majumbani, kwani mama aliyefundishwa kwa upole na mtu aliyeketi naye hufanya mengi kuliko aliyeandikiwa amri.

Huku kwetu, kuanzia Pemba hadi vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, kichocho na minyoo huwadhoofisha watoto wa shule, na walimu wetu, Mungu awajazi kheri, huwapima kimo kwa ufito wenye alama wapate kujua idadi ya vidonge vya kumpa kila mmoja. Lakini haifai kumtwika mwalimu, ambaye tayari ana darasa lililofurika, dhamana ya kumhudumia mwenye selimundu anapopatwa na maumivu, au mwenye kifafa ambaye jamaa zake humficha kwa kuona haya, au binti aliyeingia hedhini asiye na wa kumuuliza.

Basi twaziomba kamati za shule ziende kwa mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu, zimwombe muuguzi wa kufika shuleni siku maalumu kila juma. Shule nayo itenge chumba chenye mlango wa kufungwa, maji safi, sabuni, na daftari lisilosomwa na kila mtu. Wazazi waseme bila ya kuficha maradhi ya watoto wao, na watoe idhini ya matibabu kwa maandishi. Ombi hili liandikwe katika kikao cha kwanza cha muhula, pamoja na idadi ya watoto waliokosa masomo kwa maradhi muhula uliopita, na nakala yake ipelekwe kwa diwani.