Avokado na Soko la Dunia: Faida Hutoka Wapi?

Utandawazi ni neno linalotajwa sana mikutanoni. Kwa mkulima wa Kandara, Murang'a, mwenye miti michache ya avokado aina ya Hass, maana yake ni kwamba tunda lake hupakiwa kwenye kontena la baridi, likasafiri hadi Mombasa na kuvuka bahari kwenda Ulaya au Uchina.

Lakini soko kufunguliwa si sawa na soko kufikika. Mwanzoni Uchina ilikubali avokado za Kenya zilizogandishwa pekee: zimenywe, zitolewe kokwa, kisha zigandishwe kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Ni mkulima gani mdogo mwenye mtambo kama huo? Mazungumzo yaliendelea, na mwaka 2022 yakaruhusiwa matunda mazima. Shehena ya kwanza iliondoka Agosti mwaka huo. Mnunuzi hakubadilika, kilichobadilika ni masharti, na uwezo wa KEPHIS kukagua mashamba na maghala ya kupakia ili kuthibitisha kwamba matunda hayana wadudu.

Hapa ndipo nchi nyingi zinazoendelea hupoteza au kupata. Broka akichuma matunda machanga, yakifika ng'ambo hunyauka badala ya kuiva. Mnunuzi halijui jina la mkulima. Anachosoma kwenye katoni ni "Kenya". Ndiyo sababu serikali husimamisha uvunaji wa avokado za kusafirishwa kwa meli mwishoni mwa mwaka. Agizo hilo huuma, hasa karo ya Januari ikikaribia, na malalamiko ya wakulima yana msingi.

Walio katika vikundi huumia kidogo zaidi. Kikundi huweza kuweka rekodi za dawa zilizopulizwa, kugharamia cheti, na kuafikiana bei na kampuni bila kupitia broka. Matunda yenye makovu au madogo hukamuliwa mafuta humu nchini, na kazi hiyo huwapa vijana ajira.

Hatari haziishi. Meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, zikazunguka kusini mwa Afrika, safari ya Ulaya ilirefuka na tunda lililochumwa vibaya halikustahimili. Mkulima anayetaka kuuza nje achume kwa mkono au kikapu cha mti mrefu, aache kikonyo kifupi, na adai risiti yenye idadi na bei kabla gari halijaondoka shambani.